Mwito wa Kwanza

Kwenye menyu ya hoteli ile, chini ya samaki ngege wa kukaanga na juu ya soda, wameandika hadithi ya mzimu. Nilivaa miwani nikaisoma yote, kisha nikairudia, maana sikuamini macho yangu. Wanasema jumba hili la mawe, hapa karibu na gati la Kisumu, lilijengwa na tajiri wa pamba wakati reli ilikuwa bado mpya; kwamba mkewe alifia chumba cha juu; kwamba tangu siku hiyo Bibi huwaita watu kwa majina, mara moja tu, na anayeitika hamalizi mwaka. Hayo nayajua kuliko wao. Kilichonichemsha damu ni mistari ya mwisho: “Katika miaka ya tisini msichana mmoja mchapaji aliitika. Hadi leo wageni husikia taipureta yake ikilia ghorofani.” Na pembeni wamechora kataipureta kadogo, eti pambo.

Tulikuwa wanawake tisa mezani, wote tuliosomea uchapaji ndani ya kuta zile zile kabla hazijawa hoteli. Jenifa ndiye aliyetukusanya, baada ya miaka zaidi ya thelathini. Jenifa hajawahi kuona watu wametawanyika akawaacha. Kijana wa kuhudumia meza akaja na tabasamu lake. “Mamangu, mnataka niwapeleke juu muone room yenyewe? Huko kuna baridi hata saa sita mchana.” Wenzangu wakacheka, wakamwambia awapeleke. Mimi nikamuuliza, “Huyo msichana anaitwa nani?” Akasema, “Nani, Mama?” Nikamwambia, “Huyo mliyemwandika hapa. Aliyeitika.” Akainua mabega. “Ah, Mama, hiyo ni story tu.” Story tu! Nikaweka menyu chini, nikamwambia aniletee maji.

Jina lake lilikuwa Achieng'. Na hakuitika mtu. Yeye ndiye aliyeita, na aliyeitwa ni mimi, Milka. Huo uongo wa kwenye menyu haukutungwa na mwenye hoteli; ulitungwa na mwalimu wetu mkuu, na mimi nikautilia sahihi kwa mdomo wangu mbele ya mama mzazi wa Achieng'. Nimefanya kazi ya kuchapa maisha yangu yote mpaka nikastaafu, nimechapa maneno ya watu wengine mpaka vidole vikapinda, lakini neno moja nililomwambia mama yule sikuwahi kulisahihisha. Basi leo nasema mwaka ule ulivyokuwa, na sitaki mtu anipambie.

Ulikuwa mwaka wa tisini na moja. Mambo ya kwetu nayaacha, hayana kosa hapa. Chini ya jumba, mahali walipokuwa wakirundika pamba, palikuwa darasa letu: mashine ishirini juu ya meza ndefu, nyingine hazina herufi, nyingine kengele yake imekufa, na kila mashine imefunikwa kitambaa juu ya vidole ili usichungulie herufi. Madirisha yalikuwa na vyuma vinene, na ukuta ulikuwa mpana hata ungeweza kulalia dirishani. Juu ndiko tulikolala, wasichana kumi na wawili kwenye chumba kimoja, na ukifungua dirisha inaingia harufu ya ziwa pamoja na ya omena walioanikwa. Kitanda cha Achieng' kilikuwa dirishani, tulimwachia kwa sababu ya pumu. Alikuwa mtoto wa Muhoroni, wa mashamba ya miwa, mwembamba, mwenye mdomo mkali. Vidonge vyake aliviweka ndani ya kibiriti kitupu, na kibiriti alikifunga kwenye pindo la leso. Alichapa haraka kutushinda wote. Kuongea ndiko kulikomshinda: maneno matatu, anavuta pumzi, maneno matatu tena. Na pumu ikimshika kweli kweli, alibakiwa na pumzi ya neno moja. Hilo nalijua kwa sababu tulilala kitanda na kitanda. Usiku mmoja alisema “Maji!” na hakuongeza lingine mpaka kulipokucha. Nilimpa yale maji. Nakumbuka kikombe chenyewe, cha bati, kimebanduka rangi.

Mpishi wetu alikuwa Mama Nafula, mtu wa upande wa Bungoma, aliyekuja mjini kufuata mume aliyehama tena bila yeye. Alitupikia mgongo wazi kutoka mtaa wa Obunga. Asiyejua mgongo wazi nimwambie: ni mifupa ya samaki mbuta baada ya kiwanda kuchukua minofu yote. Minofu ilipanda ndege ikaenda kuliwa na watu wasiolijua hata jina la ziwa letu, sisi tukabaki kunyonya kichwa na uti wa mgongo, na tulivyokuwa na njaa tulishukuru. Mama Nafula aliikaanga mpaka ikalia kama biskuti, akaweka ugali na sukuma wiki, na kila mara alimwekea Achieng' sahani pembeni, amefunika, kwa sababu Achieng' hakuweza kupigania foleni.

Sasa huyu mwalimu mkuu. Tulimwita Mkuu, na hakuna siku niliyomwona bila tai nyekundu. Siku ya kwanza alitupanga ngazini, akatusomea sheria za chuo, na alipofika mwisho akafunga daftari akatabasamu. “Na hii haijaandikwa,” akasema. “Katika nyumba hii hakuna kuitika mwito wa kwanza. Ukisikia jina lako mara moja, nyamaza. Binadamu ataita mara ya pili. Bibi huita mara moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Tukacheka kwa woga. Kwetu pia tuliambiwa hivyo utotoni, kwamba ukiitwa gizani mara moja usiitike, ni jachien, mzimu huyo anakutafuta. Lakini kwetu ilikuwa ya gizani. Yeye aliifanya sheria ya mchana kutwa, na ilimfaa sana, kwa sababu ukigonga ofisi yake kulalamika kwamba choo kimeziba, hakuitika. Ukimwambia baadaye ulibisha, anasema, “Ulibisha mara ngapi?” Alaa! Mzimu gani huo unaomsaidia mtu kukwepa kazi yake?

Historia yenyewe niliisikia nikiwa nachambua mboga nje ya jiko. Mzee Okelo, mlinzi wetu, alikuwa amekalia ndoo ndani, anasubiri chai. “Hiyo mama alikuwa na tauni,” akasema. “Bwana yake akafunga yeye huko juu, akapanda treni na ufunguo. Sasa mama anasimama kwa dirisha, anaita watu wa barabara. Anaita huyu, anapita. Anaita ule, anapita. Kila mtu mara moja tu, sababu nguvu imeisha. Mpaka sauti ikakwisha.”

“Na hakuna mtu alienda kufungua?” Mama Nafula akauliza.

“Nani ataenda? Ni tauni, yawa!”

“Sasa kumbe huyo mama hana makosa. Makosa ni ya hao watu walikuwa kwa barabara. Mbona nyinyi mnaogopa yeye?”

“Mama Nafula, wewe pika.”

“Napika. Lakini kwetu mtu akiitwa, anaitika.”

Niliwacheka wote wawili, nikaendelea na mboga zangu. Leo nikikumbuka, natamani kujizaba kofi. Mwanamke aliita mji mzima, mji ukaziba masikio, akafa. Na mji wenyewe, badala ya kuona haya, ukatoka na mafundisho kwamba ukiitwa usiitike! Wakampa maiti kosa la walio hai. Mpishi asiyejua kusoma aliliona hilo kabla chai haijachemka, na sisi wasichana wa vyeti hatukuona kitu. Tuliigeuza sheria ile kuwa mchezo. Tukawa tunaitana mara mbili mbili, “Milka-Milka,” “Jenifa-Jenifa,” na anayeita mara moja anatazamwa tu huku watu wanauma midomo wasicheke. Baada ya miezi miwili haikuwa mchezo tena, ulikuwa mwili. Ukisikia jina lako mara moja, mwili unaganda wenyewe.

Nyuma ya darasa, chini ya ngazi, palikuwa na stoo ya karatasi. Haikuwa na dirisha, na ndani mlikuwa na magunia ya pamba kuukuu ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatoa, ukiyagusa vumbi linapanda mpaka kooni. Mlango wake ulikuwa wa mbao nzito za zamani, na masika ikianza ulikuwa unavimba. Kitasa cha ndani kiling'oka mwezi wa tatu. Ukiingia unaweka tofali mlangoni, na upepo wa ziwa ukilisukuma tofali, umekwisha. Jenifa alifungiwa mle karibu saa nzima, tukamtoa analia, tukamcheka. Achieng' hakucheka. Siku hiyo mwalimu alitaka tuchape barua rasmi ya mazoezi, na wenzake walipokuwa wakichapa maombi ya kazi za uongo, yeye akachapa ya kweli: KUH: KITASA CHA STOO. Mistari sita, pambizo sawa, hakuna kosa hata moja. Akaipeleka kwa Mkuu mwenyewe. Mkuu akaja nayo darasani ameishika kwa vidole viwili. “Barua nzuri,” akasema. “Lakini huu ni mwito wa kwanza. Mimi siitiki mwito wa kwanza. Leta ya pili.” Darasa zima likacheka. Hata mimi nilicheka, tena kwa sauti, niko pale pale pembeni ya Achieng'. Yeye akaketi, akavuta pumzi, akaniambia, “Ya pili nitaleta. Aone.”

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, saa saba na kitu mchana. Wenzetu walikuwa wameshakwenda foleni ya chakula upande wa jikoni, nyuma ya ua. Mimi nilibaki nikimalizia zoezi la kasi, na Achieng' akabaki na barua yake ya pili. Aliichapa mpaka katikati, akasimama. Alitaka nakala, ili Mkuu akiitupa moja abaki na nyingine. “Kaboni,” akasema. “Naenda stoo. Tuende?” Nikamwambia, bila hata kuinua kichwa, “Nenda tu, nakuja.” Akaenda. Nikasikia upepo, nikasikia mlango ukijipiga. Mlango katika jumba lile ulikuwa unajipiga kutwa, sikujali. Nikachapa. Kisha nikasikia jina langu. “Milka!”

Mara moja. Vidole vikasimama juu ya mashine. Najua sauti ilivyokuwa, haikuwa ya mzimu wala nini, ilikuwa sauti ya mtu aliyekusanya kila kilichobaki kifuani akakitoa kwa mkupuo. Nikangoja. Nikasema moyoni, ita tena, niitike. Mvua inapiga mabati ya jiko, sufuria zinagongana huko nyuma. Nikangoja. Hapakuwa na la pili. Na kile kimya, badala ya kuniinua mbio, ndicho kilichonituliza! Nikasema, ahaa, kumbe ni Bibi. Binadamu angeita tena. Tena niliona fahari kidogo, nisidanganye, niliona fahari kwamba amenijaribu na hakunipata. Nikarudi kwenye zoezi langu. Nilimaliza ukurasa mzima. Mimi niliyempa maji usiku kwa neno moja, niliyejua kwamba pumzi yake haina mara mbili, nilimaliza ukurasa mzima na sikukosea herufi.

Mama Nafula ndiye aliyekuja kumtafuta, ameshika ile sahani iliyofunikwa. “Achieng' iko wapi?” Nikasema stoo. Akatazama ule mlango uliofungwa, akanitazama mimi, akaweka sahani juu ya meza. Mzee Okelo aliuvunja kwa chuma. Achieng' alikuwa amekaa chini nyuma ya mlango, mgongo umeegemea mbao, pakiti ya kaboni mapajani. Kibiriti cha vidonge kilikuwa juu, kitandani, kwenye leso. Mama Nafula alimshika akamwita, “Achieng'! Achieng'! Achieng'!” hata sijui mara ngapi.

Mama yake alifika kesho yake asubuhi na buti za shambani, kwa sababu walimkuta kwenye miwa na hakurudi nyumbani kubadili. Aliketi kwenye benchi ya ofisi, mikono imejaa mikato ya majani ya miwa. Mkuu alikuwa ameshaichomoa ile barua ya pili kwenye mashine, niliona kwa macho yangu, akaikunja akaitia mfukoni. Alinisimamisha kando yake, mkono begani kwangu. “Mama,” akasema kwa sauti ya kanisani, “nyumba hii ina mambo yake, hata wazee wanajua. Msichana aliitwa na yule Bibi. Tulikuwa tumewakataza kuitika. Akaitika. Milka alikuwa hapo.” Yule mama akaniangalia. “Nyathina,” akasema, mwanangu, “ni kweli? Alisikia kuitwa, akaitika?”

Nikasema, “Ndiyo, Mama.”

Mlangoni Mama Nafula alisonya, msonyo mrefu ambao nausikia mpaka leo. Mwisho wa mwezi akafukuzwa kazi. Kitasa kilitengenezwa wiki ile ile. Kumbe fundi alikuwa pale pale mtaa wa pili, na ilimchukua muda wa kunywa chai. Mkuu alizeeka akafa kitandani mwake, wakamsifu kwa hotuba. Nami sikusema kitu, kwa sababu ningemtaja yeye ningejitaja na mimi. Na nisidanganye kwamba uongo ule ulikuwa maneno tu. Jenifa ana ndugu Muhoroni, na miaka ile ile alinisimulia. Msichana asiyeolewa, kwa desturi, huzikwa nje ya ua. Hilo lingekuwa hata hivyo. Lakini huyu walimzika haraka, kwa hofu, kwa kuwa alifuata jachien. Na kwetu aliyekufa hurudi kwa jina, mtoto anazaliwa anapewa. Ndugu zake wamezaa wamejaza nyumba, na hakuna aliyethubutu kumpa mtoto jina kwa ajili yake. Wakamfuta. Nami nilijua, nikaolewa, nikazaa, nikapandishwa cheo.

Basi mezani pale nilisimama. Nikamwambia kijana wa hoteli amwite mwenye menyu, na meneja alipokuja nikamwambia afute ile mistari. “Lakini Mama, wageni wanaipenda sana,” akasema. Nikamwambia, “Huyo msichana alikufa kwa kitasa! Kitasa na ujinga wangu! Kama mnataka kuandika, andikeni hiyo!” Watu wa meza nyingine wakageuka. Jenifa akanivuta nguo. “Milka-Milka, keti.” Mara mbili, mpaka leo! Nikaangua kilio mbele za watu, bibi mzima wa wajukuu. Jenifa akaniinamia sikioni akasema, “Unapigia hawa kelele ya nini? Mama yake yuko hai.”

Nilikwenda Muhoroni kesho yake. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe kwenye ungo, macho yamefifia lakini vidole bado vinajua kazi. Nilijitaja jina. Akasema, “Wa chuo.” Nikasema ndiye. Nikamweleza yote, kuanzia barua ya kwanza hadi ya pili, sikujificha. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

“Hakuna mtu aliita yeye,” akasema.

“Hakuna, Mama. Yeye ndiye aliita.”

“Aliita mara ngapi?”

“Moja.”

“Na ulikuwa unajua kifua yake.”

“Nilijua, Mama.”

Aliokota jiwe kwenye ungo akalitupa. Kisha akasema, “Mimi nilifundisha huyo mtoto kuitika. Akiwa mdogo, akichelewa kuitika, nilikuwa nachapa yeye. Hii miaka yote nimekuwa nasema, ni mimi. Kama singefundisha yeye kuitika haraka, hangeenda na hiyo kitu. Miaka yote, unasikia? Nalala na hiyo, naamka na hiyo.” Nilipiga magoti nikataka kumshika mkono. Akautoa. “Sasa nenda,” akasema. “Umesema. Nenda.”

Nikaenda. Kaburi liko nje ya ua, pale miwa inapoanzia, hata jiwe halina. Nilikuwa nimelipita hatua chache niliposikia jina langu kutoka nyumbani.

“Milka!”

“Naam, Mama!” Nilikuwa nimeshageuka, nimeshaanza kukimbia, kiatu kimoja kimebaki matopeni. Nilifika mlangoni nahema. Alikuwa amesimama ameshika mwimo, ananitazama kwa yale macho yaliyofifia, kutoka kichwani mpaka kwenye mguu usio na kiatu.

“Kumbe unaitikanga,” akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.